Malezi ya Mchana ni Kazi ya Taifa
Mama achenjuaye dhahabu kwenye mialo ya Shelui, wilayani Iramba, hukabiliwa na mawili: amwache mtoto nyumbani bila mlezi, au ampeleke penye zebaki, sumu iharibuyo ubongo wa mtoto. Kwa hiyo jirani awaleaye watoto hao nyumbani kwake hafanyi kazi ya kudharauliwa, anajenga taifa.

Lakini nia njema peke yake haitoshi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kiandikishwe. Mlezi hana budi kuwa na maji safi, choo na daftari la mahudhurio. Wazazi nao walipe ada kwa wakati. Halmashauri imwelimishe kabla ya kumwadhibu, kwani kumfungia mlango ni kuwarudisha watoto kwenye zebaki.