Mjukuu Si Dawa, Shangazi

Kuna swali huulizwa katika kila nyumba yenye mgonjwa ambaye daktari ameshasema hakuna mengi ya kufanya tena. Huulizwa binti, kijana wa kiume ni nadra, na huulizwa kwa sauti ya upole kabisa: "Si ungempatia mama mjukuu amuone kabla aende?"

Kwetu anaulizwa dada yangu. Ana miaka 28, ameolewa miaka miwili, na mama yetu ana saratani ya umio, ile watu huita kansa ya koo. Mimi siulizwi. Mimi ni yule aliyeacha chuo mwaka wa pili akaanza kujirekodi kwa simu, kwa hivyo hakuna mtu anangoja mjukuu kutoka kwangu. Asanteni sana.

Wacha niseme msimamo wangu mapema, ndio kama ni kukasirika ukasirike mapema. Mtu asizae kwa kufuata kalenda ya mgonjwa.

Anza na hesabu tu. Mimba ni kama wiki 38, na hiyo ni ukihesabu kana kwamba imeshika leo. Wengi hujaribu miezi kadhaa kabla ishike, na nyingine hutoka. Sasa mtu ambaye daktari wa mamake amesema "miezi", bila kutaja mingapi, unampa mashindano ambayo hajui mwisho wake uko wapi. Akikosa kushika mimba, anahisi amemnyima mama. Akishika na mama aondoke mwezi wa sita, anazika akiwa na tumbo. Nani alifikiria hapo, shangazi? Ama kazi yetu ilikuwa kusema tu kisha turudi kwetu na matatu ya saa kumi?

Halafu kuna kazi yenyewe ya kuuguza, ambayo wanaotoa ushauri hawaifanyi. Mama hamezi kitu kigumu. Ni uji mwepesi na supu iliyochujwa, kidogo kidogo, na usiku analala ameinuliwa kwa mito. Akitoka kemo, kwa siku kama mbili hivi dawa bado inatoka mwilini kwa mkojo na matapishi, na anayemsafisha anafaa kuvaa glavu. Mwenye mimba huambiwa hiyo kazi amwachie mtu mwingine kabisa. Kwetu huyo mtu mwingine ni nani? Ni dada huyo huyo. Mimi nasaidia, ndio, naosha vyombo na kufua shuka, lakini kuna mambo mama hataki kijana wake amfanyie, na namwelewa.

Na kazini je? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyejifungua miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili, na baba wa mtoto wiki 2. Za kuuguza mzazi hazimo. Unakula zile siku zako 21 za mwaka, zikiisha unaanza kuomba huruma ya bosi. Dada yangu zake ziliisha mwezi wa nne.

Lakini hoja inayonichekesha zaidi, na nacheka kwa uchungu, ni ya jina. "Zaa msichana umwite mama, asipotee." Sisi ni Wakikuyu, na nyinyi ndio mlitufundisha mpango wenyewe! Msichana wa kwanza anaitwa mama wa mume. Mama yetu anangoja msichana wa pili. Kwa hivyo kumwita mama kwa haraka, dada yangu azae wasichana wawili mbio mbio, mmoja wa mama mkwe kwanza, na wavulana wasithubutu kuingilia kati. Hata hivyo jina halina haraka. Mtoto hupewa jina la nyanya aliye hai na la nyanya aliyezikwa, ni lile lile. Jirani zetu Waluo wao wana desturi ya kumpa mtoto jina la mtu aliyekwisha kuondoka. Mama akiitwa kupitia mjukuu wa mwaka huu au wa miaka kumi ijayo, ameitwa.

Sasa kuna upande wa pili ambao pia siupendi. Wale wa rika langu husema kuzaa ukiwa na mgonjwa nyumbani ni ujinga, ungoje mambo yatulie. Yatatulia lini? Rafiki yangu mmoja Kisumu alijifungua wiki sita kabla ya babake kufariki. Mzee alimshika mtoto mara tatu. Nilimuuliza kama angerudia, akasema bila kufikiria kwamba angerudia. Lakini aliniambia pia kitu ambacho shangazi hawakisemi: yeye na mumewe walikuwa wanataka mtoto hata kabla mzee apelekwe hospitali. Ugonjwa uliwafanya waache kuahirisha, basi. Hiyo naielewa. Kama mtoto ulimtaka tayari, una mtu wa kukusaidia na una pa kumlaza, usimwombe mtu yeyote ruhusa.

Kwa hivyo mimi nikimshauri mtu, namwambia ajiulize swali moja akiwa peke yake. Mama angekuwa mzima, ningemtaka huyu mtoto mwaka huu? Kama jibu ni hapana, ugonjwa haujaligeuza kuwa ndiyo. Mtoto atabaki hapa miaka mingi baada ya matanga. Atataka karo. Na siku moja atajua kwamba aliitwa duniani kuwahi miadi, ikawa aliikosa.

Kitu kingine: muulizeni mgonjwa. Kwetu ilichukua miezi mitano kabla mtu amuulize mama, na ni dada yangu aliyeuliza, wakiwa wawili. Mama alimwambia, "Usizae kwa sababu yangu. Na ukizaa baadaye, usimwambie mtoto alichelewa." Miezi yote hiyo watu walikuwa wakiongea kwa niaba yake, na yeye yuko chumba cha pili akisikia.

Tangu hapo namrekodi. Kushika simu ndio kazi yangu, si ndio? Anaeleza alivyokutana na baba, na vile mukimo wa nyanyake ulikuwa na majani ya malenge na wetu hauna. Anaongea dakika nne, tano, kisha anachoka. Hizo video sitaziweka hapa, msiniulize. Ni za watoto wa dada, wakija.

Dada bado hajaamua, na mimi simuulizi. Shangazi, kama kweli unataka kusaidia, kuna Jumamosi ambayo haina mtu. Njoo na uji, ukae na mama kuanzia asubuhi hadi saa kumi, dada alale.