Eti ni vinasaba!

Wadau, poleni kwa ukimya. Wiki mbili hizi nilikuwa nabukua kwa ajili ya pepa za katikati ya muhula, na baridi ya hapa Illinois haina mzaha, hata hamu ya kuandika inaganda. Leo nimerudi kwa sababu nina hasira. Na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Jumamosi tulikuwa kwa mshkaji mmoja, Mbongo mwenzetu, kaoa, ana mtoto wa kike aliyezaliwa hapa hapa mwaka jana. Tulikuwa kama saba hivi. Ugali, maharage, na kuku wa supamaketi ambaye wote tulijifanya ni wa kienyeji. Kwenye TV walikuwa wanajadili hela za Medicaid, yaani ile bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, na jinsi akina mama Weusi watakavyoumia zikikatwa. Basi jamaa mmoja, msomi kabisa, anamalizia uzamili wake, akasema: "Hawa Weusi wa huku wamezidi kulalamika, bwana. Mbona wake zetu wanajifungua salama? Hayo ni mambo ya vinasaba na kula hovyo. Sasa serikali itoe hela mpaka lini?" Watu wakacheka. Mimi nikaendelea kutafuna. Kwa hiyo haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuyasema pale mezani.

Tuanze na hesabu, maana msomi haogopi hesabu. Kwa takwimu za CDC za mwaka 2023, katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama Weusi 50.3 kwa sababu za uzazi. Weupe walikuwa 14.5. Zaidi ya mara tatu! Mwaka 2021, Korona ilipokuwa bado inavuna watu, kiwango cha Weusi kilifika 69.9. Watoto nao hivyo hivyo: mwaka 2022, kati ya watoto 1,000 wa akina mama Weusi waliozaliwa hai, karibu 11 hawakufikisha mwaka mmoja, na kwa weupe hawakufika 5. Najua kuna atakayesema kwetu ni zaidi. Ndiyo, utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulitoa vifo 104 vya akina mama kwa vizazi hai 100,000, na ule wa 2015/16 ulikuwa umetoa 556. Sisi tunashuka tukiwa na senti zetu mbili. Hawa wanatumia kwenye afya hela nyingi kuliko nchi yoyote duniani.

Sasa hivyo vinasaba. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Chicago, Richard David na James Collins, walichapisha utafiti wa watoto waliozaliwa humu humu Illinois kati ya 1980 na 1995. Waliwagawa akina mama katika makundi matatu: weupe wazaliwa wa Marekani, Weusi wazaliwa wa Marekani, na Weusi waliozaliwa Afrika. Kama shida ni damu, sisi Waafrika, ambao damu yetu haijachanganyika sana na ya weupe, tulitakiwa kuwa na watoto wenye uzito mdogo kuliko wote. Haikuwa hivyo. Watoto wa akina mama kutoka Afrika walikaribiana uzito na watoto wa weupe. Waliobaki nyuma ni watoto wa Weusi wazaliwa wa hapa.

Hapo jamaa yangu angeshangilia: "Si nilisema? Sisi tuko fresh!" Ngoja kwanza. Mwaka 2002 walitoa utafiti mwingine, wakafuatilia vizazi. Mabinti wa wahamiaji weupe walipozaa, watoto wao walikuwa wazito kuliko wao wenyewe walivyozaliwa. Mabinti wa wahamiaji Weusi walipozaa, uzito ulishuka. Kizazi kimoja tu jamani. Yaani hiyo salama tunayojivunia tumekuja nayo kwenye begi kutoka nyumbani, na watoto wetu hatuwarithishi.

Na msiniambie ni umaskini peke yake. CDC walipochambua vifo vya 2007 hadi 2016 walikuta kwamba mwanamke Mweusi mwenye digrii ana uwezekano mkubwa wa kufa kwa uzazi kuliko mwanamke mweupe asiyemaliza sekondari. Serena Williams, mwaka 2017, siku moja baada ya kujifungua kwa upasuaji, alihisi damu imeganda mapafuni, ugonjwa anaoujua kwa sababu aliwahi kuupata. Ilibidi abishane na wahudumu mpaka wakampima kipimo alichokitaka. Mwaka huo huo Shalon Irving, mtaalamu wa magonjwa wa CDC yenyewe, mwenye shahada ya uzamivu, alifariki wiki tatu baada ya kujifungua, presha ikiwa imepanda, baada ya kwenda na kurudi kwa watoa huduma. Tori Bowie, bingwa wa dunia wa mita 100 wa mwaka 2017, alikutwa amefariki nyumbani kwake mwaka 2023 akiwa na mimba ya miezi minane hivi. Kifafa cha mimba kilitajwa kuwa huenda ndicho kilichomuua.

Hapa kuna swali gumu, na nakiri ndilo lililonifunga mdomo Jumamosi. Kama hela haikumkinga Serena, hela ya serikali itawasaidia nini hao wengine? Si ndiyo yale yale?

Si yale yale. Hela yako mfukoni inakununulia kitanda, haikununulii kusikilizwa. Hela ya umma ina nguvu ambayo yako haina: inaweza kumwambia mwenye hospitali, hupati hata senti mpaka ubadilike.

Nilikaa maktaba siku mbili na historia hii, pepa ya takwimu ikingoja. Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Hill-Burton ya kujenga hospitali kwa hela ya serikali kuu. Sheria hiyo iliruhusu hospitali za kutenganisha watu, eti mradi kila upande upate huduma "sawa". Kwa hiyo kodi ya mama Mweusi wa Kusini ilimjengea jirani yake mweupe hospitali ambayo yeye aliingia kwa mlango wa nyuma, akalazwa chini kwenye ghorofa ya ardhini, au hakuingia kabisa. Mpaka 1963 ndipo mahakama ya rufaa, katika kesi iliyofunguliwa na madaktari na wagonjwa Weusi wa Greensboro, North Carolina, ilipoona kipengele hicho kinavunja katiba.

Halafu ikaja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964: anayebagua asipate hela ya serikali kuu. Ingebaki karatasi tu. Lakini Julai 1966 Medicare ikaanza, bima ya wazee, na hela yake ilikuwa nyingi mno kiasi kwamba hospitali isingeweza kuiachia ipite. Serikali ikatuma wakaguzi, wengine wa kujitolea, waende wadi kwa wadi kuangalia nani kalazwa wapi. Ndani ya miezi isiyofika minne zaidi ya hospitali 1,000 ziliacha kutenganisha wagonjwa. Hospitali zilizokuwa zimeapa kwamba jambo hilo haliwezekani na wagonjwa watakimbia!

Matokeo yake? Wachumi Almond, Chay na Greenstone walifuatilia Mississippi. Vifo vya watoto wachanga Weusi vilishuka sana kati ya 1965 na 1971, hasa vya kuhara na nimonia, magonjwa ambayo mtoto akiwahishwa hospitali anapona. Angalieni hiyo: bima ya WAZEE iliokoa VICHANGA, kwa sababu hela ilikuja na sharti, na mkaguzi alikuwa mlangoni. Hazina ni ile ile iliyolipia Hill-Burton.

Kwa hiyo mtu akiniambia "serikali imeshatoa hela nyingi", namuuliza, zilitoka na sharti gani? Medicaid inalipia karibu uzazi 4 kati ya kila 10 Marekani nzima, na kwa akina mama Weusi ni zaidi ya nusu. Hakuna mteja mkubwa kama huyo. Lakini kwa miaka mingi mteja huyo alikuwa anamkatia mama bima siku 60 baada ya kujifungua, wakati zaidi ya nusu ya vifo vinavyohusiana na mimba hutokea kati ya siku ya saba na mwaka mmoja baada ya kujifungua. Mama ana presha, moyo umechoka, kadi imekufa. Sheria ya Machi 2021 ilifungua njia majimbo yaongeze bima mpaka miezi 12, na majimbo karibu yote yakaongeza. Imechukua zaidi ya miaka 50 kugundua kwamba mzazi haponi kwa kalenda ya mhasibu!

Na upande wangu nao nawasema, msidhani nawaachia. Kuna hela inakwenda kwenye semina za siku moja za kuwafundisha wauguzi wasiwe na upendeleo, na mabango yenye mama anayetabasamu. Hapa chuoni tulikuwa na wiki nzima ya uelewa, tukapewa fulana. Fulana ninayo, naivaa nikienda kubeba boksi. Hakuna mama aliyepona kwa fulana. California walianza mwaka 2006 na mambo ya kuchosha kabisa: toroli la dawa na vifaa vya kuzuia damu liwe tayari wadini, damu inayotoka ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, kila hospitali ipeleke takwimu zake. Kufikia 2013 vifo vya akina mama vilikuwa vimepungua kama nusu. Pengo la rangi halikuisha, lakini kwenye hospitali zilizofuata mpango huo madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua zaidi kwa Weusi kuliko kwa weupe. Utaratibu hauangalii sura. Muuguzi akikadiria kwa macho, anaangalia.

Halafu kuna hoja ya "kwa nini wapewe kwa rangi?" San Francisco walianzisha mpango wa kuwapa wajawazito Weusi na wa visiwa vya Pasifiki dola 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ukafunguliwa kesi kwamba unabagua. Mimi siko tayari kufia kwenye neno. Flint, Michigan, mji wenye Weusi wengi ambao maji yao yaliingia risasi, tangu Januari 2024 wanampa KILA mjamzito dola 1,500, na kila mtoto dola 500 kwa mwezi kwa mwaka wa kwanza. Hawaulizi rangi, hawaulizi mshahara. Safi sana, nachukua hiyo. Gaweni kwa mtaa, gaweni kwa vifo, gaweni mnavyotaka. Lakini hesabuni kwa rangi, la sivyo hatutajua kama pengo limefungwa au limefunikwa.

Ndiyo maana yaliyotokea 2025 yaliniuma kuliko hata kupunguzwa kwa hela. Tangu 1987 CDC ilikuwa na utafiti unaoitwa PRAMS, wa kuwauliza akina mama wenyewe nini kiliwapata kabla na baada ya kujifungua. Aprili 2025 tima nzima ya makao makuu iliondolewa kazini. Miezi mitatu baadaye ikasainiwa sheria ya bajeti ambayo, kwa makadirio ya ofisi ya bajeti ya Bunge lao lenyewe, itapunguza zaidi ya dola bilioni 900 za Medicaid kwa miaka kumi. Watetezi wake wanasema wajawazito hawakuguswa, wamesamehewa lile sharti la kufanya kazi. Sawa. Na kabla hajapata mimba? Presha haisubiri kipimo cha mkojo. Dada anayepoteza kadi leo kwa sababu hakujaza fomu atarudi mwakani na mimba ya miezi mitatu na figo zilizochoka, halafu tutasema ni vinasaba.

Jana nilimpigia yule mwenyeji wetu wa Jumamosi. Nikamsimulia utafiti wa 2002, ule wa mabinti. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kaka, hebu nitumie hiyo kitu, shemeji yako anataka kuisoma." Nyuma yake nilikuwa namsikia mtoto akipiga kijiko kwenye sahani.

Nimetuma. Yule jamaa wa uzamili naye nimemtumia, bado hajajibu. Ngoja nirudi kwenye takwimu, pepa ni saa mbili asubuhi.