Tangazo Lenye Shabaha

Askari na polisi wengi, pamoja na wake zao, wameanzisha biashara ndogo kwa mikopo ya vyama vya Wazalendo na Exodus. Baadhi yao sasa wanatangaza katika Google. Twawapongeza, lakini fedha hizo hukatwa katika mshahara, na haifai zipotee hewani.

Yafaa ifahamike kwamba katika matangazo ya utafutaji ya Google, yaliyoanzishwa mwaka 2000, mtangazaji hulipa kila mara mtu anapolibofya tangazo, anunue asinunue. Muuza vifaranga wa Bombo anayechagua neno “kuku” peke yake atamlipia hata mtu atafutaye chakula cha jioni. Na achague maneno ya mnunuzi hasa, kwa Kiingereza na Kiluganda pia, ndizo lugha wateja wengi wa Kampala watumiazo. Kisha ayazuie maneno kama “mapishi”, “kazi” na “bure”. Eneo nalo liwekewe mipaka ya watu waliomo, kwani mtambo ukiachwa wenyewe huwajumuisha hata walio mbali wanaolipenda tu eneo hilo. Tangazo lionekane saa ambazo simu itapokelewa, si wakati mwenyewe yu lindoni!

Kila juma ikaguliwe orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika. Mibofyo 20 ikigharimu shilingi 10,000, nayo ikaleta mteja mmoja mwenye faida ya shilingi 6,000, tangazo hilo lisimamishwe na kurekebishwa siku hiyo hiyo.