Tahariri: Kumfukuza mtoto msumbufu si kumfundisha

Walimu wa Goma, Bukavu na Butembo wanamjua mtoto huyu. Anapiga wenzake, anatoka darasani bila ruhusa, ao ananyamaza siku nzima, na mlango ukigongwa kwa nguvu anajificha chini ya banki. Shuleni anaitwa mkaidi. Kuna wanaosema ni mchawi. Mwishowe mzazi anaitwa na kuambiwa amtafutie shule ingine.

Tusiwatupie walimu lawama zote. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bure katika shule za serikali mwaka wa 2019, madarasa yamejaa. Mshahara ni kidogo, na kuna walimu ambao hawalipwi na serikali hata sasa. Wengi walimaliza sekondari katika sehemu ya ualimu, kisha wakaingia darasani bila kufundishwa namna ya kusaidia mtoto mwenye shida ya hisia na tabia. Mwalimu akisema mtoto mmoja anaharibu somo la wengine wote, hasemi uongo.

Lakini uchovu wa mwalimu haufuti haki ya mtoto. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni ya lazima. Mwaka wa 2015 nchi yetu ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria yake ya kuwalinda. Ulemavu unaotajwa humo si wa miguu na macho tu. Wa akili pia umo.

Si kila mtoto msumbufu ana ulemavu, na si kila shida inatoka kwa vita. Kazi ya kutambua hiyo ni ya mtaalamu. Huduma zipo: Tulizo Letu mjini Goma, SOSAME mjini Bukavu. Shida ni kwamba shule nyingi hazina njia ya kufika huko, na mzazi anaogopa mtoto wake ataitwa kichaa.

Huku mtoto akifukuzwa, haendi kwa daktari. Anaenda barabarani, na katika eneo letu wenye silaha wanajua kumpokea mtoto ambaye shule imemkataa.

Mwalimu anaweza kuanza na mambo yasiyohitaji faranga: kumkalisha karibu naye, kumpa kazi fupi, kumkaripia pembeni pasipo kumwaibisha mbele ya wenzake, kuuliza nyumbani kuna nini. Hiyo haitatosha kama darasa linabaki na wanafunzi wengi kupita kiasi. Wenye mamlaka ya elimu wapunguze msongamano, waweke somo hili katika mafunzo ya ualimu, na kila shule ijue mahali pa kumtuma mtoto.

Mkurugenzi wa shule, mbele ya kuandika barua ya kufukuza, aulize kwanza: tumejaribu nini?