Muuguzi Naye Huugua



Tumezoea kuzungumza hapa juu ya ujira, mizani za majani ya chai na saa za ziada. Leo tunaleta jambo ambalo baadhi yenu watalicheka: upasuaji wa kupunguza unene, na hasa wauguzi wanaojiandaa kwa upasuaji huo na wanaopona baada yake. Tunaomba mtu asicheke kabla ya kufika mwisho. Shauri hili likichunguzwa vizuri ni lile lile la kila mfanyakazi anayeondolewa kazini kwa sababu mwili wake umechoka.

Wauguzi wengi ni majirani zetu. Nateete, kando ya barabara ya kwenda Masaka, tunapanga vyumba mstari mmoja, tunanunua matoke soko moja na kusukumana katika taksi moja asubuhi. Si mbali na hapo viko vilima vyenye hospitali kongwe za nchi hii, Mengo iliyoanzishwa 1897 na Lubaga iliyoanzishwa 1899. Muuguzi anayerudi kutoka zamu ya usiku hupishana na sisi tunaokwenda kiwandani. Yeye ndiye hutufunga vidonda mashine inapotukata. Je, yeye anapougua, nani humtetea?

Mitaani husemwa kwamba unene wa muuguzi ni shibe na uvivu. Maneno hayo tunayakataa. Mtu anayesimama saa kumi na mbili, akigeuza wagonjwa vitandani na kusukuma machela, hawezi kuitwa mvivu. Tazameni anavyokula. Mchana hana nafasi ya kukaa chini. Usiku wa manane hupata chai yenye sukari nyingi na chapati mbili, kwa sababu ndicho kinachopatikana. Mchana, wakati mwili unataka usingizi, watoto na kelele za barabarani humwamsha. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi katika nchi nyingi, na wamekuta kwamba watu wa zamu za usiku huelekea kunenepa kuliko wa mchana. Uchunguzi uliotangazwa 2017 huko England ulionyesha kwamba muuguzi mmoja kati ya kila wanne alikuwa na unene wa kupita kiasi. Hapa Uganda, uchunguzi wa afya ya jamii wa 2016 ulikuta wanawake 24 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni ugonjwa wa wazungu au wa matajiri. Mlinzi wa usiku, dereva wa lori na mwanamke anayekaa kwenye cherehani kutwa, wote wamo.

Upasuaji wenyewe ni nini? Si kukata nyama ya kiunoni, kama wengi wanavyodhani. Katika njia inayotumika zaidi, daktari hupitisha vyombo na kamera katika matundu madogo, akaondoa robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, ukabaki kama bomba jembamba. Katika njia nyingine hutengeneza kifuko kidogo sana na kukiunga moja kwa moja na utumbo, chakula kikapita njia ya mkato. Mtu hushiba upesi, na kwa wengi kisukari na shinikizo la damu hupungua. Huko Sweden walianza 1987 kuwafuata wagonjwa waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Matokeo yaliyotolewa 2007 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Hayo si mambo ya urembo.

Wala si kila mnene anayestahili kisu. Hupimwa uzito kwa urefu. Kwa mtu wa urefu wa mita 1 na sentimita 60, kwa miaka mingi madaktari walianza kufikiria upasuaji akifika kilo 102, au kilo 90 ikiwa ana maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji hao vililegeza kipimo, wakashauri kilo 90 zitoshe hata bila maradhi mengine. Kabla ya hapo mtu hujaribu kwanza chakula, mazoezi na dawa.

Sasa tuje kwenye maandalizi, maana hapo ndipo kazi na matibabu huanza kugongana. Majuma mawili hivi kabla ya upasuaji, mgonjwa huamriwa kula kidogo sana, mara nyingi vyakula vya maji tu, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Huacha sigara. Hupimwa damu, sukari, moyo na pumzi, na huzungumza na mshauri juu ya hali ya moyo wake. Safari za kliniki huwa nyingi. Sasa mfikirieni muuguzi anayefanya zamu sita kwa juma, tumboni mna supu tu, na kila akiomba nusu siku ya kwenda kupimwa huambiwa hakuna mtu wa kushika nafasi yake. Wengine huacha katikati. Wengine huenda wakiwa wamechoka kabla hata ya kulazwa.

Kupona nako kuna masharti. Hospitalini mtu hukaa siku chache tu, na hapo ndipo mwajiri hudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Majuma mawili ya kwanza ni vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, mpaka mwezi na nusu au miezi miwili ndipo arudi kwenye chakula cha kawaida, tena kidogo kidogo. Kuinua vitu vizito hukatazwa kwa mwezi mmoja hadi mwezi na nusu. Nasi tunauliza: kazi ya muuguzi ni nini kama si kuinua? Mgonjwa wa kilo 70 hana tofauti na gunia la sukari, isipokuwa gunia halilii ukiliangusha.

Tena iko hatari ambayo kila aliyepasuliwa na kila anayekaa naye nyumbani lazima aijue. Homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio, pumzi kukatika au mguu mmoja kuvimba ni dalili za kurudi hospitali saa ile ile, si kesho. Huenda mshono unavuja au damu imeganda. Asiyepewa ruhusa ya kutoka zamuni anaweza kulipa kwa maisha yake.

Na baada ya hapo ni maisha yote. Lazima ale polepole, nusu saa kwa sahani ndogo, mara tano au sita kwa siku, na maji ayanywe mbali na chakula. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalisi haviachwi, na damu hupimwa kila mwaka. Sukari nyingi humtoa jasho na kumtetemesha, na pombe humlevya upesi kuliko zamani, basi waragi ni adui yake. Mwanamke hushauriwa asishike mimba mpaka upite mwaka mmoja au mmoja na nusu. Yote hayo yanawezekana, lakini hayawezekani kwa mapumziko ya dakika kumi.

Liko jambo lingine, na sisi wa barabara ya Masaka tunalielewa kuliko wengine. Katika miaka ya 1980, ugonjwa wa ukimwi ulipoingia Rakai na Masaka, watu waliuita Silimu, kwa sababu uliwakondesha wagonjwa. Jina lile halijafutika vichwani. Muuguzi akipungua kilo 30 kwa miezi sita, na nywele zake zikinyonyoka kama inavyotokea kwa wengi miezi michache baada ya upasuaji kisha zikaota tena, majirani huanza kunong'ona. Mtu aliyetafuta afya hujikuta anajificha kama mwizi. Wenye virusi hawastahili minong'ono hiyo, wala huyu haistahili. Mwenzenu akikonda, msimpime kwa macho. Msalimuni, mpokeeni mzigo, basi.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2006 ilimpa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kuugua. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema kwamba ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaweza kuvunja mkataba, mradi alipe yanayodaiwa mpaka siku hiyo. Basi hesabuni. Aliyepasuliwa bila matatizo anahitaji mwezi na nusu kabla ya kuinua mgonjwa. Mshono ukivuja, miezi miwili si kitu. Na mwajiri mjanja ataongeza neno moja: huu si ugonjwa, ni urembo uliojitakia mwenyewe, kwa hiyo chukua siku zako za likizo. Kwa neno hilo moja haki yote imeyeyuka. Aliyeumia mgongo kwenye shamba la miwa aliambiwa hivyo hivyo, kwamba ni uzee. Aliyekohoa vumbi la pamba aliambiwa ni sigara zake.

Gharama nayo tusiifiche. Upasuaji huu unafanyika zaidi katika hospitali za kulipia, na bei yake inakula mishahara ya miezi mingi. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na miaka arobaini baadaye hakikuwa kimebadilishwa. Bima ya afya ya taifa ilipitishwa na Bunge Machi 2021, lakini haikutiwa saini na Rais, na Bunge lile likamaliza muda wake. Kwa hiyo muuguzi hukopa, na anayekopa hurudi kazini kabla ya kidonda kukauka ili alipe deni. Hatumshauri mtu yeyote akimbilie wakopeshaji wa mitaani, wala asafiri mbali kwa bei rahisi kabla ya kujua nani atamwangalia akirudi.

Wako watakaosema chama kina mambo makubwa zaidi ya kupigania. Tunawajibu kwamba siku za kupona ni jambo kubwa. Matibabu hayaishii mlangoni pa chumba cha upasuaji. Mwajiri anayemrudisha mtu zamuni kabla ya wakati amevunja kazi ya daktari, na deni hilo hulipwa na mgonjwa. Leo ni tumbo la muuguzi, kesho ni ngiri ya mpakiaji au uzazi wa kisu wa mchuma chai. Kifungu kimoja kikiandikwa vizuri kinatukinga sote.

Kwa hiyo tunataka matawi yapeleke mezani, katika makubaliano yajayo na waajiri, mambo haya: upasuaji wowote ulioamriwa na daktari uhesabiwe kuwa ugonjwa, mshahara kamili uendelee kwa miezi miwili na kazi ilindwe mpaka daktari aseme mtu amepona, arudipo apewe kazi nyepesi isiyo ya kuinua, siku za kliniki zisikatwe, wa zamu ya usiku wapate chakula cha kweli na nusu saa ya kukila, na siri ya ugonjwa ibaki kati ya mfanyakazi na daktari wake.

Nawe unayejiandaa, usiondoke kimya. Mjulishe mwajiri mapema kwa maandishi, chukua cheti cha daktari, weka nakala nyumbani na nyingine kwa katibu wa tawi. Fanya hivyo kabla hujalazwa. Ukishalala kitandani, barua yako ndiyo itakayokusemea.