Mtungi Umeisha, Moshi Umerudi
Wiki hii, sokoni Tandika, mama ntilie mmoja alikuwa akipepea jiko la mkaa kwa mfuniko wa ndoo, mtoto kabebwa mgongoni kwa kanga. Kila moshi ulipogeuka, mtoto naye aligeuza uso na kukohoa. Mafua ya msimu hayo, wakasema wateja huku wakisubiri chapati. Huenda. Lakini pafukapo moshi pana moto, na kifuani pa mtoto moto huo huitwa nimonia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa majumbani huifanya hatari ya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 ikaribie maradufu: chembechembe zake ni ndogo mno, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kudhoofisha kinga, vijidudu vikija vinakuta mlango wazi. Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ya gesi inagawiwa mikutanoni kwa makofi na picha. Sawa. Ila gesi ikiisha? Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa hela ya leo; gesi kwa wengi inadai hela ya wiki kadhaa kwa mkupuo, ndiyo maana mitungi mingine (asiyeamini achungulie uvunguni) imegeuka pambo. Anayegawa mtungi bila kugusa bei ya kuujaza hajamwondolea mtoto moshi, amejipatia picha tu. Serikali ianzie hapo kwenye kujaza, na ianze bajeti hii ijayo.