SGR ina kasi, sawa, ila vituo je?
Mwandishi, kwenye makala yako umeipima SGR, reli yetu mpya ya Tanzania, kwa saa, na hapo sina ubishi: inatumia umeme, inafika kilomita 160 kwa saa, Dar hadi Dodoma ni chini ya saa nne, safari ambayo treni ya zamani inakula usiku kucha. Lakini ungegusa na vituo. Ile ya zamani, kwenye reli ya upana wa mita moja waliyoianzisha Wajerumani, inasimama vituo vidogo ambavyo mpya inavipita tu. Abiria wa daraja la tatu anapanda na magunia yake, na dirishani ananunua mahindi na mayai ya kuchemsha. Mpya madirisha hayafunguki (kiyoyozi chake, nisiseme uongo, ni kizuri), na Morogoro inakushusha Kihonda. Nauli ya bodaboda hadi mjini uihesabu pia!

Ulichosahau kabisa ni kipande cha Kilosa hadi Gulwe. Huko reli ya zamani inafuata mto, na mvua kubwa zimeisomba mara nyingi. SGR imepitishwa kwenye mahandaki na madaraja. Kwangu hilo linazidi kasi. Ila wa Kigoma na mawese yao bado wanaisubiri ile ile ya zamani.